Minyoo ya Maini Isiyokufa kwa Dawa

Mkulima, kama unafuga kondoo karibu na mabonde ya tope, kama yalivyo mengi huko Nyandarua, bila shaka unaujua ugonjwa wa minyoo ya maini. Kondoo hukonda ingawa majani ni tele. Ukimfunua jicho, ndani ya kope huwa peupe badala ya pekundu. Chini ya taya hutokea uvimbe laini kama mfuko wa maji. Ukimchinja utakuta ndani ya ini minyoo bapa, mfano wa jani dogo.

Dawa zipo, lakini dawa njema yaweza kupotezwa nguvu kwa kutumiwa vibaya. Dawa ya traiklabendazoli ilianza kuuzwa mwaka 1983, ikasifiwa sana kwa kuwa huua minyoo mikubwa na michanga pia. Mwaka 1995 ilitangazwa kwamba huko Australia kuna minyoo ambayo dawa hiyo haiiui. Baadaye habari kama hizo zikatoka Ulaya. Yafaa tujifunze mapema jinsi mambo haya yanavyotokea.

MBEGU YA MINYOO SUGU

Watu husema kwamba minyoo “imezoea” dawa. Sivyo hasa. Katika minyoo mingi, michache huzaliwa na nguvu ya kuvumilia dawa. Unaponywesha, minyoo dhaifu hufa, na ile yenye nguvu husalia. Mnyoo mmoja waweza kutaga mayai zaidi ya 20,000 kwa siku, wala hauhitaji mwenzake ili uzae. Mayai hutoka na mavi. Yakiangukia penye maji, vitoto hutoka na kuingia ndani ya konokono mdogo wa tope. Humo kitoto kimoja huzaa mamia ya asili ile ile. Hao hutoka, hujishika kwenye majani, na kondoo huwala.

Wewe huchagua mahindi bora yawe mbegu. Kwa dawa inayotumiwa ovyo, unaichagulia minyoo sugu mbegu.

KABLA YA KULAUMU DAWA

1. Je, ni dawa ya minyoo ya maini? Livamisoli na ivamektini huua minyoo ya tumbo, lakini haziui ya maini. Albendazoli huua ile mikubwa tu, tena kwa kipimo kikubwa kuliko cha minyoo ya tumbo. Michanga inayotoboa ini hubaki hai.

2. Je, kipimo kilitosha? Usikisie uzito wala usiongeze maji katika dawa ili iwafikie wote. Tumia mizani; kama huna, nunueni moja katika chama chenu cha ushirika. Watenge kondoo kwa ukubwa, kisha wape wote wa fungu moja kipimo cha yule mzito kupita wenzake.

3. Je, bomba la kunyweshea linatoa kiasi cha haki? Lijaribu kwanza kwa maji na chombo cha kupimia.

4. Je, kondoo walirudi kwenye tope lile lile? Huenda dawa ilifanya kazi, nao wakaokota minyoo mipya.

KUJUA HAKIKA

Mwombe Afisa wa Mifugo akusaidie kupeleka maabara mavi ya kondoo 10 siku ya kunywesha. Watie alama. Baada ya wiki 3, peleka mavi ya kondoo wale wale. Ikiwa mayai hayakupungua kwa sehemu 9 katika 10, dawa hiyo ni ya kutiliwa shaka, naye Afisa atakushauri dawa ya jamii nyingine. Angalia sana: chupa mbili zenye majina tofauti huweza kuwa na dawa moja. Soma jina la dawa yenyewe, na siku za kungoja kabla ya kunywa maziwa au kula nyama. Dawa nyingine hazifai kabisa kwa ng'ombe wa maziwa.

PUNGUZA KAZI YA DAWA

Zungushia tope seng'enge au miti. Wape wanyama maji katika birika lililoinuliwa, na uzibe mahali linapovuja, kwa maana konokono hupenda hata alama ya kwato yenye maji. Chimba mifereji panapowezekana. Usiwasahau ng'ombe na mbuzi, maana minyoo hii ni yao pia. Kondoo mgeni akae peke yake mahali pakavu, anyweshwe, na mavi yake yapimwe baada ya wiki 3 kabla hajachanganywa na wenzake.

Katika skimu, mashamba ni madogo na bonde ni moja. Mpaka wako haumzuii konokono, na minyoo sugu ya jirani yako itakuwa yako mvua ikija. Basi kutaneni ninyi mnaotumia bonde moja, mkubaliane juu ya dawa, mizani na seng'enge kabla mvua kubwa haijaanza.