Sheria, elimu au sayansi za jamii? Maswali ya anayetaka kuingia Univasite ya Lubumbashi

Matokeo ya Exetat, mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari, yakitoka, unga mweupe hurushwa mabarabarani, na kabla haujaoshwa kichwani swali limeshafika nyumbani: sasa mtoto atasoma nini? Wengi wanaoikusudia UNILU bila mapenzi ya uganga wala uhandisi hupima vitivo vitatu, au fakilte kama tunavyosema hapa: sheria, saikolojia na sayansi za elimu, na sayansi za jamii, siasa na utawala. Kabla ya kuuliza utafundishwa nini katika kampasi ya Kasapa, uliza kwanza nani atakupokea baada ya diploma, na kwa masharti gani. Hapo ndipo familia nyingi huchelewa kujua.

Ninahitaji nini ili niandikishwe?

Diploma ya Serikali, ile inayopatikana kwa kufaulu Exetat kwa angalau asilimia 50. Kitivo kinaweza kudai zaidi ya hapo au kutoa mtihani wa kuingia, kwa hiyo soma tangazo la mwaka wenyewe, si la kaka yako aliyeingia zamani.

Masomo huchukua miaka mingapi?

Hapa wazazi na watoto hawaelewani, maana kila mmoja anasema kweli yake. Baba alisoma gradua miaka 3, kisha lisansi miaka 2: jumla 5. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 nchi imeingia katika mfumo wa LMD: lisansi miaka 3, masta miaka 2, kisha udaktari. Mwaka mmoja una kredi 60, na lisansi nzima ina 180. Basi binti anayesema "nimepata lisansi" baada ya miaka 3 hajaruka madarasa, na mwajiri anayesoma barua za maombi inafaa aangalie mwaka wa diploma, asitazame jina lake tu.

Nikimaliza sheria, nimeshakuwa avoka?

Hapana. Katika mitaa ya Katuba na Kenya kila aliyesoma sheria huitwa avoka siku anapovaa toga ya kupokea diploma. Univasite inakupa ujuzi wa sheria, lakini kazi ya avoka, yaani wakili, inatolewa na Baro, chama cha mawakili. Taaluma hiyo inaongozwa na sheria ya tarehe 28 Septemba 1979. Anayetaka kuingia anapeleka faili Baro, anakula kiapo mbele ya Mahakama ya Rufaa, kisha anafanya staji, yaani mafunzo ya kazi, ya miaka 2 chini ya avoka mkubwa, ambaye kwa kawaida tunamwita patroni. Ni baada ya staji ndipo jina lake linaweza kuingia katika orodha kuu ya mawakili. Miaka hiyo 2 ni migumu kwa mfuko. Mwenye staji huvaa suti kila siku na mara nyingi hupata nauli tu. Mzazi aliyehesabu gharama mpaka siku ya diploma amehesabu nusu ya safari.

Angalia pia jambo hili: sheria hiyo iliandikwa wakati lisansi ya sheria ilipatikana baada ya miaka 5. Usiishie lisansi ya miaka 3 kabla ya kuuliza Baro yenyewe inapokea diploma ipi. Ulizia kwa maandishi.

Na kuwa juji au kufanya kazi parke, ofisi ya waendesha mashtaka?

Hiyo ni njia nyingine kabisa. Baraza Kuu la Mahakimu ndilo linaloandaa kongkuru, yaani mtihani wa ushindani, na Rais wa Jamhuri huteua kwa mapendekezo ya Baraza hilo. Kongkuru haiitishwi kila mwaka. Wapo waliosubiri muda mrefu, na katika kusubiri wakawa washauri wa sheria katika makampuni, au makarani wa mahakama. Si aibu. Lubumbashi ni mji wa migodi, na anayeijua vizuri Kodi ya Migodi ya 2002 pamoja na marekebisho yake ya Machi 2018 hakosi mtu wa kumwuliza swali.

Nataka kufundisha. Niende kitivo cha elimu?

Inategemea unataka kufundisha nani. Kwa shule ya msingi, mlango wa kawaida ni sekondari ya pedagojia: mwenye diploma yake, yule anayeitwa D6, anaweza kusimama mbele ya darasa bila kupita univasite. Kwa hesabu, Kifaransa au biolojia ya sekondari, nyumba iliyojengwa kwa kazi hiyo ni ISP, Institut Supérieur Pédagogique ya Lubumbashi. Aliyesoma somo lake univasite anaongeza agregasio ili apate haki ya kulifundisha.

Kitivo cha saikolojia na sayansi za elimu kina kazi yake nyingine: kuwaandaa wanaosimamia shule, wanaopanga mafunzo, washauri wa wanafunzi na wanasaikolojia. Kijana anayeota kufundisha fizikia akaingia hapo kwa sababu ameona neno "elimu" atatoka na diploma nzuri ya kazi ambayo hakuitaka.

Halafu kuna jambo la mshahara. Kuajiriwa na shule ya Serikali na kulipwa na Serikali ni mambo mawili. Walimu walioajiriwa lakini bado hawajaingia katika orodha ya malipo huitwa "Nouvelles Unités", N.U., na orodha hiyo husimamiwa na idara tuliyoizoea kama SECOPE, sasa DINACOPE. Gratuité, yaani elimu ya bure, ya shule za msingi ilipoanza Septemba 2019, watoto walijaa madarasani, na wazazi wakaacha kutoa pesa ambazo zilikuwa zikimfikia mwalimu asiye katika orodha hiyo. Ukiajiriwa, muulize mkuu wa shule faili yako imefika wapi, na utunze nakala ya kila karatasi.

Sayansi za jamii zina kazi gani hasa?

Swali hili huulizwa kwa dharau kidogo, na hapa Lubumbashi dharau hiyo haina msingi. Univasite ilifungua milango 1956, wakati mji ukiitwa Élisabethville. Mwaka 1971 Serikali ilipounganisha vyuo vikuu vyote kuwa UNAZA, Univasite ya Taifa ya Zaire, ikagawa vitivo: sheria ikawa Kinshasa, saikolojia na elimu Kisangani, na sayansi za jamii pamoja na fasihi zikawekwa hapa. UNAZA ikavunjwa 1981. Ndiyo maana mjomba wako wa miaka ya sabini bado anasema sheria husomwa Kinshasa, na ndiyo maana sayansi za jamii zina mizizi mirefu katika mji huu.

Leo kitivo hicho kinafundisha sosholojia, antropolojia, mahusiano ya kimataifa, na siasa na utawala. Kazi zake hazina mlinzi mmoja kama Baro: ni manispaa, mashirika, utafiti, na migodi. Kodi ya Migodi iliyorekebishwa inaitaka kampuni ya migodi itenge angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka, na iandike nazo ahadi zake katika cahier des charges, yaani hati ya makubaliano. Lazima mtu aende kijijini, ajue nani anasema kwa niaba ya nani, ni shamba la nani lililochukuliwa, na wanawake wanataka kisima wapi. Huyo mtu ni mwanasosholojia, akijua kazi yake. Lakini anayetaka uandishi wa habari aelekee kitivo cha fasihi.

Je, Kiswahili changu kitanisaidia?

Masomo na mitihani ni kwa Kifaransa, na anayeingia na Kifaransa dhaifu atapata shida kuanzia mwezi wa kwanza. Lakini mteja wa avoka, mzazi wa mwanafunzi na mzee anayehojiwa Kamalondo wote watakujibu kwa Kiswahili, moja ya lugha 4 za taifa katika Katiba ya 2006. Mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioanza 2000 chini ya wanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu na Bogumil Jewsiewicki, ulikusanya kumbukumbu za wakaaji wenyewe, na kumbukumbu hizo hazikukaa katika Kifaransa peke yake.

Na vyuo vya binafsi?

Vipo vizuri. Kabla ya kulipa, omba kuona arete, yaani hati rasmi, ya kibali cha wizara, na uhakikishe inataja kitivo unachokitaka, maana chuo kinaweza kuwa na kibali cha uchumi na kisiwe nacho cha sheria. Minervali, yaani ada ya masomo, ilipe benki, kwa awamu zilizotangazwa, na usimpe mtu yeyote pesa mkononi pasipo risiti.