Mtoto Aliyekula Tunda Asilolijua

Mtoto mdogo huhukumu tunda kwa rangi yake. Kilicho chekundu na king'aacho hudhani ni kitamu. Kwa hiyo katika somo la juma hili twawaeleza wazazi mimea minne yenye sumu iotayo Kenya, uani na kandokando ya njia, wapate kuitambua mapema.

Mturituri ni mmea utambaao. Ganda lake hupasuka na kuonyesha mbegu nyekundu zenye doa jeusi, ambazo watu huzitunga kama shanga. Mbegu ikimezwa nzima huenda ikapita tumboni bila kudhuru. Lakini ikitafunwa, au ikiwa imetobolewa kwa ajili ya uzi, sumu hutoka.

Mnyonyo, uitwao pia mbarika, una tunda lenye miiba laini, na mbegu zenye madoadoa mfano wa kupe aliyeshiba. Mtoto aliyezitafuna hutapika na kuharisha, pengine damu. Lakini dalili huweza kukawia saa nyingi. Basi usidanganywe na utulivu wake.

Ndulele huwa na matunda ya mviringo, ya kijani yakiwa mabichi na ya manjano yakiiva. Sumu yake huumiza tumbo.

Mnanaha una maua mfano wa tarumbeta na tunda la miiba lililojaa mbegu. Mtoto aliyezila hukauka kinywa, mwili huwa moto, mboni za macho hupanuka, naye huweweseka.

Ukimkuta mtoto amekula tunda usilolijua, fanya haya:

1. Toa mabaki kinywani, umsukutue kwa maji.

2. Usimtapishe kwa kidole wala kwa maji ya chumvi. Matapishi yaweza kumpalia.

3. Kata tawi lenye majani, maua na matunda, ulichukue. Tunda lililotafunwa ni vigumu kulitambua, bali tawi zima humwonyesha daktari ni mmea gani.

4. Kumbuka saa aliyokula, na ukadirie idadi ya matunda.

5. Mpeleke hospitali mara moja, usingoje augue. Akizimia, mlaze ubavu.

Wala usimkaripie wakati huo, kwa maana mtoto mwenye hofu huficha ukweli, na ukweli ndio utakiwao. Tena waulize wenzake aliocheza nao, kwani huenda nao wamekula, na wazazi wao hawana habari.