Sprei ya nywele: gundi au mafuta?

Msomaji wa safu hii ameuliza ni sprei ipi inayofaa nywele za kusuka na ipi inayofaa nywele za kubana kwa ajili ya harusi, na iwapo ni kweli kwamba sprei ndiyo inayozikatisha nywele za pembeni mwa uso.

Saluni nyingi huita sprei bidhaa mbili zisizofanana kabisa. Ya kwanza ni ya kushikilia, ambayo ina polima, yaani molekyuli ndefu mithili ya mnyororo, zilizoyeyushwa katika alkoholi. Alkoholi hukauka mara tu inapogusa nywele, na polima hubaki kama utando mwembamba unaogandisha unywele kwa mwenzake. Ya pili ni ya kung'arisha, ambayo ni mafuta mepesi yanayotoka kwa matone madogo mno, na haishikilii chochote.

Nywele za kipilipili, kwa jinsi zilivyojiviringa, haziruhusu mafuta ya ngozi ya kichwa kuteremka kwa urahisi hadi nchani, hivyo huwa kavu hata kabla ya kupuliziwa alkoholi. Kwa sababu hiyo, aliyesuka twende kilioni au rasta za kukaa nazo wiki kadhaa hahitaji gundi, kwani msuko wenyewe ndio unaoshika. Kinachomfaa ni sprei ya kung'arisha, tena kidogo. Ile ya kushikilia, ikirudiwa kila asubuhi juu ya misuko, hulimbikizana na kisha kubanduka kama unga mweupe ambao wengi hudhani ni mba, ingawa unga huo hukaa kwenye unywele, ilhali mba hutoka kwenye ngozi.

Nywele za kubana, hasa zilizonyooshwa kwa dawa, ndizo zenye haja na sprei ya kushikilia, nayo hupuliziwa mwishoni, kopo likiwa umbali wa sentimita 20 hadi 30, macho na pua vikiwa vimekingwa, kwa tabaka jepesi linaloachwa likauke kabla ya kuongezwa jingine. Pasi ya nywele hutangulia, haifuati.

Jambo ambalo saluni hulichukulia kwa wepesi usiostahili ni moto. Gesi inayosukuma sprei katika makopo mengi ni propani na butani, zile zile za mtungi wa kupikia, na alkoholi nayo hushika moto. Kwa hiyo msusi anayechoma ncha za rasta kwa kiberiti hana budi kumaliza kuchoma na kukiweka kiberiti kando ndipo ashike kopo.

Kuhusu nywele za pembeni, sprei huzikausha na kuzifanya ziwe rahisi kukatika, lakini mkosaji mkuu kwa kawaida ni mvuto: msuko uliokazwa hadi ngozi ikatoa vipele, au kibanio kinachovuta mahali pale pale kila siku, huchosha vinyweleo, yaani mizizi inayootesha nywele. Kubadilisha sprei bila kulegeza msuko hakutasaidia. Mvuto ukiondolewa mapema, nywele huweza kuota tena, bali ngozi ikishapata makovu hazioti, kwa hiyo aliyeanza kuona upara pembeni amwone daktari wa ngozi sasa. Na kwa kuwa sprei huvutwa pia kwa pumzi, mwenye pumu amwambie msusi kabla kopo halijafunguliwa.