MOSHI WA SIGARA NA MATE YA MTOTO

Mate ni kitu cha kila siku. Kwa hiyo hatuyafikirii. Lakini mate yana kazi kubwa. Hulainisha chakula, huosha kinywa, tena hulinda meno yasioze.

Jino linaozaje? Kinywani mna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Mtoto akila kitu cha sukari, vijidudu navyo hula sukari hiyo, kisha hutoa tindikali. Tindikali hula gamba gumu la jino kidogo kidogo, mpaka jino linatoboka. Mate hupunguza ukali wa tindikali hiyo. Pia yana madini ya kurudisha ugumu wa jino. Mate ni mlinzi wa meno.

Moshi unaingiaje?

Baba amerudi nyumbani jioni. Amekaa sebuleni, amempakata mtoto, anavuta sigara. Mtoto havuti sigara, lakini anavuta hewa ile ile yenye moshi. Sumu ya tumbaku inaingia katika mapafu yake, kisha katika damu yake. Wataalamu wakipima mate ya mtoto kama huyo, hukuta ndani yake mabaki ya sumu hiyo. Mtoto hajagusa sigara, lakini tumbaku imo kinywani mwake.

Baadhi ya wachunguzi wamekuta pia kwamba mate ya watoto hao yana nguvu ndogo ya kupunguza tindikali. Mlinzi amedhoofika.

Huko Japani, katika mji wa Kobe, wataalamu walifuatilia watoto 76,920 waliozaliwa kati ya mwaka 2004 na 2010. Walitazama meno yao mpaka umri wa miaka 3. Watoto waliovutishwa moshi wa sigara tangu uchanga walikuwa na hatari ya kuoza meno karibu mara mbili ya watoto wa nyumba zisizo na mvutaji. Matokeo yalitolewa mwaka 2015. Si kwamba moshi peke yake huozesha meno. Sukari na uchafu vina sehemu yao. Lakini moshi huongeza hatari.

Meno ya kahawia

Hapa Bomang'ombe na sehemu nyingine za wilaya ya Hai, watu wengi wana meno yenye madoa ya kahawia. Madoa hayo hayatokani na moshi wa wazazi. Mengi hutokana na maji yenye madini mengi ya floraidi, ambayo mtoto hunywa wakati meno yake yanakua. Kwa hiyo tusichanganye mambo mawili. Doa la kahawia si lazima liwe jino bovu. Jino bovu lina tundu, na linaweza kuuma.

Wengine husema, "Ni meno ya utoto tu, yatang'oka." Hayo si maneno mazuri. Meno ya utoto ni 20. Mtoto huyatumia kwa miaka mingi. Jino likiuma, mtoto hali, halali, wala hasomi vizuri.

Tufanye nini?

1. Mtu asivute sigara ndani ya nyumba, hata kama mtoto hayupo. Moshi hubaki katika nguo, mapazia na matandiko. Kufungua dirisha hakutoshi.
2. Mvutaji atoke nje, mbali na mlango. Kuacha kabisa ni bora zaidi.
3. Mama anaweza kusema kwa upole, "Baba, tafadhali vutia nje, mtoto yumo ndani." Mgeni naye aelezwe kwa heshima.
4. Mtoto apigwe mswaki asubuhi na usiku. Mwenye umri chini ya miaka 3 atoshwe na dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele.
5. Peremende na soda zipunguzwe.
6. Jino likianza kutoboka, mtoto apelekwe kwa mganga wa meno mapema, kabla halijauma.

Tanzania ilitunga sheria ya bidhaa za tumbaku mwaka 2003. Sheria hiyo inazuia kuvuta sigara katika sehemu nyingi za watu wote. Lakini sebuleni kwako hakuna askari. Hapo anayemlinda mtoto ni wewe.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Taja kazi tatu za mate.
2. Jino lenye doa na jino lililooza vinatofautianaje?
3. Katika nyumba yako, nani atazungumza na mvutaji? Atasema nini?