SOMO LA MWEZI: MSHAHARA WETU UNAKWENDA WAPI?



Dzaleka ni neno la Kichewa, na watu wengi hulieleza kuwa na maana ya "nimekoma, sitarudia tena". Mahali penyewe pako wilayani Dowa, kama kilomita 45 kutoka Lilongwe. Wakati wa utawala wa Kamuzu Banda palikuwa gereza. Tangu mwaka 1994 ni kambi ya wakimbizi. Ilikusudiwa watu wapatao 10,000. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndiyo lugha inayowakutanisha sokoni.

Sisi tulio katika viwanda vya Kanengo, sisi tulio katika mashamba ya tumbaku, na sisi tunaobangaiza Dzaleka, neno hilo tunalijua. Mshahara hutoka mwisho wa mwezi. Ikifika tarehe kumi mfuko ni mtupu, nasi tunasema: "Nimekoma." Mwezi unaofuata tunarudia yale yale. Somo hili linauliza kwa nini.

1. Jina juu ya paketi

Zamani sabuni iliuzwa kama mche mrefu, muuzaji akakata kipande kwa kisu. Mwaka 1884 Mwingereza William Lever alianza kuuza sabuni yake kwa jina la Sunlight, ikiwa imekatwa na kufungwa katika karatasi. Tuseme kweli: jina lilikuwa na faida kwa mnunuzi. Leo akipata sabuni nzuri, kesho ataitambua. Jina ni ahadi.

Lakini jina pia ni pazia. Sabuni ilihitaji mafuta ya mawese. Mwaka 1911 kampuni ya Lever ilipewa na serikali ya Ubelgiji haki juu ya maeneo makubwa ya michikichi huko Kongo, na kituo kimoja kikaitwa Leverville. Wakata ngazi walisukumwa kazini kwa kodi na kwa nguvu. Mwaka 1931, bei ya ngazi iliposhushwa huku kodi ikiendelea kudaiwa, Wapende waliasi, na mamia yao waliuawa. Hayo hayakuandikwa kwenye karatasi ya sabuni.

Tazameni tumbaku yetu. Jani hutoka shambani bila jina na kuuzwa mnadani. Nchi za mbali huligeuza kuwa sigara yenye jina na paketi ya kupendeza. Mkulima hulipwa bei ya jani. Mvutaji hulipa bei ya jina. Tofauti kati ya bei hizo mbili haibaki kwa aliyelima.

Hivyo tunaponunua, tujiulize: ninalipia kitu, au ninalipia jina? Fulana ya kaunjika yenye jina kubwa kifuani haina pamba zaidi ya ile isiyo na jina. Tena, majina yenyewe hughushiwa. Kitambulisho cha kushonwa ni rahisi kuliko shati. Na anayevaa jina la kampuni kifuani anaitangaza bure, wakati kampuni nyingine hulipa fedha ili kupaka rangi kuta za maduka.

2. Kifuko kidogo, bei kubwa

Wengi wetu hununua sabuni ya unga, sukari na mafuta ya kupikia kwa vifuko vidogo. Tufanye hesabu ya mfano. Kila mmoja aweke bei za sokoni kwake.

Tuseme kilo moja ya sabuni ya unga ni kwacha 6,000, na kifuko cha gramu 25 ni kwacha 250. Kilo moja ni vifuko 40. Vifuko 40 mara kwacha 250 ni kwacha 10,000. Aliyenunua kidogo kidogo amelipa kwacha 4,000 zaidi kwa sabuni ile ile.

Mtu atasema: basi maskini ni mjinga. La. Maskini hana kwacha 6,000 kwa siku moja. Mama wa Dzaleka ambaye msaada wake umepunguzwa kwa sababu wafadhili hawakutoa fedha, na ambaye sheria inambana asifanye biashara nje ya kambi, hununua kwa kadiri ya alichoshika mkononi. Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa mijini warudi kambini, na waliokuwa na maduka Lilongwe wakapoteza kipato. Umaskini wenyewe hutozwa kodi, na kifuko ndiye mtoza kodi.

3. Deni linalokula kesho

Kukopa harusi, kulipa matanga. Mtu anakopa katapila kwacha 20,000, arudishe 30,000 mwisho wa mwezi. Akishindwa, analipa riba tu, kwacha 10,000. Baada ya miezi sita amelipa 60,000, na deni la 20,000 liko pale pale. Tukichunguza, wakati mwingine deni halikuanza kwa ugonjwa. Lilianza kwa simu mpya, kwa sababu ya jirani alikuwa na simu mpya.

Liko deni jingine lililo baya zaidi, la kwa mwajiri. Katika mashamba ya tumbaku mpangaji alipewa unga na mahitaji kwa mkopo, na mwisho wa msimu yote yakakatwa katika mauzo yake. Wako walioondoka mikono mitupu. Mwaka 2021 Bunge la Malawi lilibadili Sheria ya Ajira na kupiga marufuku upangaji huo. Nao Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unakataza mwajiri kumlazimisha mfanyakazi kununua katika duka la kampuni.

4. Kosa si letu peke yetu

Mwezi Novemba 2023 kwacha ilishushwa thamani: dola iliyokuwa karibu kwacha 1,180 ikawa 1,700. Kwa siku moja mshahara ule ule ukanunua kidogo. Hakuna daftari la matumizi linaloweza kuziba pengo hilo. Anayetuambia tubane matumizi tu, asiseme lolote juu ya mshahara, anatudanganya.

5. Tufanye nini?

(a) Kila mmoja aandike kila kwacha aliyotumia kwa mwezi mmoja, hata ya vocha na soda. Baba na mama wasome daftari hilo pamoja.

(b) Tununue kwa pamoja. Watu kumi wakichanga, hupata gunia na kugawana kwa mizani. Mwaka 1844 wafanyakazi 28 wa Rochdale, Uingereza, walifungua duka lao wakiwa na unga, siagi, sukari na unga wa oti. Waliuza kwa kipimo cha haki, bila mkopo, na faida waligawana kwa kadiri ya manunuzi. Ushirika wa namna hiyo ulienea duniani.

(c) Upatu, ambao wengine huita likelemba au chipereganyo, utumike kwa jambo lililopangwa: ada ya shule, bati, cherehani. Usiishie kwenye sherehe.

(d) Katika chama tudai hati ya mshahara inayoonyesha kila makato, na tudai mshahara ufuate bei za sokoni.

Maswali ya kujadili

1. Taja vitu vitatu ulivyonunua mwezi huu kwa sababu ya jina. Je, vilidumu?
2. Piga hesabu ya kifuko kimoja unachonunua kila siku. Kwa mwezi unalipa ziada kiasi gani?
3. Je, kazini kwenu kuna makato msiyoyaelewa? Nani atayauliza, na lini?

Ndugu, tukiacha peke yetu, tutarudia. Tukiacha pamoja, tutakuwa tumekoma kweli. Umoja ni nguvu.