Sabufa isigeuke kelele

Uwe Kibiti mjini kwenye umeme wa gridi au Mbwera, ndani ya delta, kwa sola, usikivu huanzia kwenye nyaya.

1. Chomoa plagi kwanza.
2. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Ukigeuza waya wa spika moja besi hufifia, na wengi hukimbilia kwa fundi wakidhani sabufa imeungua.
3. Spika za mbele ziwe usawa wa masikio ya aliyeketi, si juu ya kabati.
4. Usiibane sabufa kwenye kona. Besi huvimba, bati hutetemeka.
5. Pima kwa futi kamba umbali wa kila spika hadi kwenye kiti, uingize kwenye risiva: sauti huchukua takriban milisekunde 3 kwa mita.
6. Ncha ya waya ikiwa ya kijani, hiyo ni hewa ya chumvi. Kata, menya upya.
7. Wa sola, soma wati za inveta kabla ya kuwasha.
8. Usiku punguza besi. Ukuta wa udongo hauizuii.