Logi imefutwa, diski bado imejaa

SWALI: Seva yetu ya Linux ilijaa diski. Nimefuta faili kubwa la logi, lakini df bado inaonyesha asilimia 100. Nafasi imekwenda wapi?

JIBU: Haijaenda popote. Kwenye Linux, kufuta huondoa jina la faili tu. Programu iliyolifungua ikiendelea kulishikilia, diski haiachii hata baiti moja. Ndiyo maana df, inayouliza mfumo wa mafaili wenyewe, hupingana na du, inayojumlisha mafaili yenye majina.

Andika:

sudo lsof +L1

Utaona mafaili yaliyofutwa lakini bado yameshikiliwa, ukubwa wake, na programu inayoyashikilia. Zima programu hiyo uiwashe upya. Nafasi itarudi papo hapo. Kuwasha upya seva nzima kutasaidia pia, ila ni kuwasumbua watumiaji bure. Safari nyingine usifute logi inayoandikwa. Ipunguze hadi sifuri kwa truncate -s 0, kisha uikabidhi kwa logrotate.

lsof isipotoa kitu, msake mlaji mwenyewe:

sudo du -xh -d1 / | sort -h

Folda kubwa kuliko zote hukaa chini ya orodha. Ingia humo, rudia. Mimi huanzia /var, kwenye logi na imeji kuukuu za Docker.

Programu zikilalamika hakuna nafasi huku df ikionyesha gigabaiti tele, jaribu df -i: vijifaili vingi mno humaliza inodi. Hapo kufuta faili moja kubwa hakusaidii; futa hivyo vidogo.